Damu Niliyoifanya Kipimo

Mwanangu Wakesho,

Wewe na mama yako mmeenda Rukanga kumuaga nyanya yako, na mtarudi kabla jua halijazama, kwa sababu jioni ndovu wanavuka ile barabara na hakuna anayetaka kuwangojea wamalize. Kwa hiyo nina mchana mzima na nyumba tupu. Mambo ya neti, maji ya kuchemsha na joto la Lodwar mama yako ameshayasema mpaka umeyakariri, nami siyagusi. Mimi nina jambo moja tu, na afadhali nilitoe mwanzoni kabla sijaanza kuzunguka, maana unanijua ninavyozunguka.

Majibu ya damu yangu yalifika Alhamisi. Jana asubuhi uliponiuliza, "Baba, watu wa Mombasa wamepiga?" nami nikakujibu, "Bado, hao nao wana mambo yao," yalikuwa yamekunjwa ndani ya mfuko wa shati nililokuwa nimevaa. Ukasema kama hayajafika hadi Jumapili utawapigia hospitali ya Lodwar iliyokuajiri uwaombe mwezi mmoja, kwa sababu huwezi kupanda treni bila kujua baba yako ana nini. Nami najua, na wewe unajua, kwamba hawatangoja mwezi. Walisema uripoti Jumatano, la sivyo nafasi apewe anayefuata. Kazi hiyo umeitafuta zaidi ya mwaka. Basi nikapanga kwamba kesho, tukiwa tunafunga mabegi, nitakuambia majibu yameingia na ni safi kabisa.

Si safi. Nitakueleza yote, lakini nianzie kule yalikoanzia, kwenye maabara, kwa sababu kosa langu la kule hujawahi kunisikia nikilikiri kwa mdomo wangu. Nilinuna, nikafanya ulilonitaka nifanye, halafu nikajifanya limepita. Halijapita.

Unajua kwamba kila asubuhi, kabla ya kupima damu ya mgonjwa yeyote, mashine hupewa kwanza damu ambayo majibu yake yanajulikana. Ikisoma sawasawa, kazi inaanza. Kuna vichupa maalum vya kazi hiyo vinavyoletwa kutoka mbali, na vikichelewa, sisi watu wa maabara ndogo tuna ujanja wetu wa siku nyingi. Unakunja mkono wa shati, mwenzako anakutoa damu, na hiyo yako ndiyo inakuwa kipimo cha siku. Mimi nilikuwa kipimo cha hospitali yetu kabla hujazaliwa. Damu yangu ilikuwa haibadiliki. Wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nikienda likizo, Voi nzima itakosa majibu. Nami nilicheka, lakini moyoni nilivimba kichwa. Sikuwa daktari, sikuwa na gari, ila nilikuwa na damu iliyonyooka.

Halafu mashine ikaanza kusoma chembe zangu nyekundu kuwa kubwa kidogo kuliko kawaida. Kidogo tu. Mwezi uliofuata, kubwa zaidi kidogo. Nilifanya nini? Nilibadilisha dawa za mashine. Nikaosha mirija. Nikalaumu umeme wa Voi unaopanda na kushuka, nikalaumu vumbi, nikamlaumu dada wa zamu kwamba hatikisi vichupa vizuri. Na mwishowe nikaingia ndani ya mipangilio ya mashine, nikaishusha kidogo mpaka damu yangu ikasoma vile ilivyozoea kusoma. Baada ya miezi kadhaa nikaishusha tena. Sikumwambia mtu yeyote. Sikuona kama kuna la kusema, nilikuwa narekebisha chombo kilichoharibika.

Ndipo ukaja wewe, na ovaroli yako mpya ya buluu, kufanya mafunzo ya kazi kwenye karakana ya hospitali. Msimamizi wenu akakutuma kwetu: "Nenda ukaangalie ile mashine ya damu, mzee analalamika kila wiki." Nakumbuka ulivyoingia ukiniita "Bwana Fundi Sanifu" mbele ya wenzangu, nikajikaza nisicheke. Uliifungua mashine yote. Ulikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu ukaniita pembeni karibu na sinki.

"Baba, hii mashine haina shida."

"Ina shida. Mimi ndiye naitumia."

"Nimepima damu yangu, ya yule mama wa usafi, ya sista, ya askari wa geti na ya mtu wa faili. Nimerudisha mipangilio ilivyotoka kiwandani. Wote wako sawa. Aliye nje ya kiwango ni wewe peke yako."

"Ati mimi?" Nilipandisha sauti. "Wewe ulizaliwa nikiwa tayari natumia hii damu."

"Najua. Na ndiyo maana imezeeka."

Nilikufukuza, Wakesho. Nilikuambia urudi karakana ukashike vitanda vibovu. Nilisema kwa sauti, na yule sista alisikia. Hilo ndilo la kwanza ninaloomba msamaha leo, na nimechelewa sana kuliomba. Jioni ile nyumbani sikukusemesha, mama yako akadhani tumegombana kwa sababu ya mpira.

Kesho yake ulirudi na karatasi ya mraba. Ulikuwa umetoa kwenye kumbukumbu za mashine majibu yangu yote ya kila asubuhi, ukayachora nukta kwa nukta. Mstari ulikuwa unapanda polepole. Mahali pawili ulikuwa umekatika ghafla na kushuka, halafu ukaanza kupanda tena. Ukaweka kidole hapo pa kwanza, ukaweka hapo pa pili, na hukuniuliza nani alifanya. Uliniuliza jambo lingine.

"Na watu waliopimwa hapa katikati je?"

Hilo swali bado linaniamsha. Miaka yote ile nimefundisha vijana wa mafunzo kwamba kwenye maabara kosa kubwa si kukosea, ni kujiamini kuliko chombo, na mwanafunzi wa karakana ndiye akanionyesha mimi nimefanya nini. Kwa sababu nilikuwa nimeishusha mashine ili mimi nionekane mzima, kila aliyekuja na chembe kubwa kweli kweli naye alionekana mzima. Nilijua hivyo mara tu ulipouliza. Na unajua nilikuambia nini. Nilikuambia, "Tutarekebisha kimya kimya, hakuna haja ya kutisha watu."

Ukakunja ile karatasi. "Baba, ukinyamaza mimi nitasema. Lakini nataka useme wewe."

Hapo sikuwa na pa kutokea. Nilitamani kukuzaba kofi, na wakati huo huo nilitamani kuwaita watu wote waliokuwa kwenye foleni waje waone nimezaa nini. Sijui kama mtoto mwingine angenipa nafasi ile, ya kwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Nilienda. Msimamizi wa maabara alinisikiliza bila kuinua macho, na barua ya onyo ikafuata, ya kwanza tangu niajiriwe. Halafu tukaanza kuwapigia watu simu, mmoja mmoja. Wengine walikuja wakinung'unika, wakatolewa damu tena, wakakutwa hawana shida. Wengine namba zao hazikuwa zikipatikana, ikabidi tutume habari kwa machifu na makanisani. Nilisimama kanisani kwetu mwenyewe, nikasema ni kosa langu. Mama yako alikuwa kwenye kwaya, akainamisha kichwa, na nikajua tutaongea tukifika nyumbani.

Mmoja wao ulimwona kwa macho yako, Mama Mutua anayeuza ndengu sokoni. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi mpaka akawa anaacha kandambili njiani bila kujua imetoka. Alikuwa amepimwa kwetu, karatasi ikasema yuko sawa, akarudi sokoni akaamini ni uzee. Tulipompima upya, chembe zake zilikuwa kubwa mno. Ilikuwa ni upungufu wa vitamini tu, ile ya sindano, inayopatikana hapa hapa Voi. Miguu imerudi karibu yote, vidole viwili bado vinamsumbua. Ile siku alipokuja kushukuru, alinishika mkono mimi.

"Daktari, miguu yangu haikuwa yangu. Mungu akubariki kwa kunikumbuka."

Wewe ulikuwa nyuma yangu ukifunga kifuniko cha mashine, na sikugeuka kusema, "Aliyekukumbuka ni huyu." Nilipokea baraka isiyo yangu nikanyamaza. Wiki iliyopita nilipita sokoni nikamwambia. Nilimwambia pia kwamba mimi si daktari, jina ambalo watu wa Voi wameniita miaka yote nami sikuwahi kulikanusha. Alinitazama kana kwamba nimepagawa, halafu akapima kilo mbili za ndengu. "Hizi ni za huyo msichana," akasema. "Wewe usionje." Ziko kwenye begi lako la chini.

Na nikiwa nimeanza kutoa vya moyoni, acha nitoe na hiki. Ulipochagua chuo cha ufundi wa vifaa vya hospitali, mimi nilikuwa nataka udaktari. Ulikuwa na alama. Watu wakiniuliza Wakesho anasomea nini, nilijibu, "Mambo ya hospitali," nikaliacha hapo, wakajijazia wenyewe. Mjomba wako kule Ndara alikuwa akikuita daktari kwenye kila harusi, nami nikala pilau kimya. Niliona aibu kusema neno fundi. Sasa ninalisema hata nisipoulizwa. Majuzi nilimsimulia kinyozi habari ya ule mchoro wako mpaka akaacha upande mmoja wa kichwa haujanyolewa, na wateja wawili wakaondoka. Mama yako ameniambia nimekuwa kero. Nimekubali kuwa kero.

Sasa tuje kwenye damu yenyewe. Baada ya yale, ulinilazimisha nikapimwe kama mgonjwa. Vitamini zangu zilikuwa sawa, tezi sawa, ini sawa, na pombe niliacha kabla hujazaliwa. Ndipo nikapelekwa kwa yule daktari wa damu wa Mombasa, na sampuli ikatumwa nje ya nchi. Hadi hapo unajua. Usichojua ni kwamba Alhamisi sikwenda Taveta kwa semina. Nilishuka Mombasa asubuhi, nikakaa mbele ya daktari, nikarudi jioni na mkate wa Taveta nilioununua hapa hapa stendi. Ule mkate mliusifu sana.

Daktari ni mama wa makamo, mwenyeji wa kule kule, anaongea taratibu. Alichukua kalamu akanichorea mfupa. Akasema ndani ya uboho kuna chembe mama ambazo kazi yao ni kuzaa damu yote, kila siku ya maisha yetu. Kila zikijigawa zinanakili maandishi yao ya jeni, na kwa miaka mingi hivyo lazima pawe na makosa ya kunakili. Mengi hayana madhara. Lakini mara nyingine chembe mama moja hupata kosa linaloipa nguvu ya kuzaa kuliko wenzake. Basi inazaa, na watoto wake wanazaa, mpaka sehemu kubwa ya damu ya mtu inatoka kwenye ukoo mmoja tu. Nilimwambia ni kama shamba letu la Rukanga mwaka ule mbegu moja ya mahindi ilipoyafunika mengine yote. Akasema, "Enhe, hasa."

"Kwa hiyo ni saratani?" Nilimuuliza hivyo.

"Hapana, mzee wangu. Saratani siyo. Watu wengi wakizeeka huwa nayo na wala hawajui. Kuna uwezekano mdogo wa kugeuka huko mbele, ndiyo maana tutakupima kila baada ya miezi kadhaa. Lakini mimi hasa nauangalia moyo wako."

Hilo sikulitegemea. Damu nimeifanyia kazi maisha yangu yote, na moyo kwangu ulikuwa idara ya watu wengine. Akanieleza kwamba katika ule ukoo mmoja zinatoka pia chembe nyeupe, na hizo huwa na hasira. Zikifika mahali ambapo mafuta yameanza kuganda kwenye ukuta wa mshipa, badala ya kusafisha na kuondoka, zinawasha na kuvimbisha. Ukuta unazidi kunenepa, unaweza kupasuka, damu ikaganda pale, na mtu akaanguka. Watu wenye mabadiliko haya hupata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi ya wenzao wa umri wao, akasema, na kwa miaka mingi madaktari hawakujua kwa nini baadhi ya watu wasiovuta sigara na wasio na mafuta mengi huanguka tu. Dawa ya kuuondoa ukoo wenyewe bado hakuna. Kilichopo ni kuulinda moyo kwa kila kitu kingine, presha, mafuta, mwendo, uzito.

Sasa nikuambie na la kifua. Mwezi wa tatu tulipokuwa tukirekebisha uzio wa ng'ombe kule Rukanga, nilikaa chini ukaniuliza kuna nini, nikasema jua. Halikuwa jua. Kifua kilibana kama mtu amenikalia, kikaachia. Kimefanya hivyo mara tatu tangu hapo. Na zile dawa za presha nilizopewa miaka minne iliyopita nilikuwa nazimeza siku nikizikumbuka. Mimi, mtu wa hospitali. Nilimwambia daktari hayo yote, akanituma kwa mwenzake wa moyo jengo hilo hilo, nikakimbizwa kwenye mashine ya kukanyaga mpaka nikaona nyota. Kuna mshipa umeanza kuwa mwembamba. Haujaziba. Nimepewa vidonge vya aina tatu, na tangu Alhamisi nimevimeza vyote, kila kimoja kwa saa yake, nikijificha nyuma ya choo ili msinione.

Nikajiuliza kuhusu wewe kabla ya kujiuliza kuhusu mimi. Nilimuuliza daktari kama nimekupa. Akasema kosa hili halirithiwi, limeanzia ndani ya uboho wangu mwenyewe na litaishia kwangu. Nilitoka pale nikiwa na habari mbaya mkononi, na bado nilitembea hadi stendi nikiwa mwepesi, kwa ajili ya hilo moja. Presha na moyo wa kwetu ni jambo lingine, hilo lipo kwenye ukoo, na nadhani unajua namna babu yako alivyokufa. Lakini hujui lote, na ndilo linalonifanya niandike.

Nilikuwa Nairobi chuoni, mwezi wa mtihani wa mwisho. Babu yako alianguka alfajiri akitoka kulinda mahindi, akalala kitandani wiki tatu pale Rukanga. Wiki tatu, Wakesho. Barua ilikuwa inafika kwa siku nne. Wazee wakakaa wakasema kijana asisumbuliwe, atafeli, na baba mwenyewe akakubaliana nao. Nikafanya mtihani nikapita. Nikarudi na cheti cha muda kwenye bahasha, nikiwa nimekishika kama yai. Unajua desturi yetu, anayetoka safari ya mbali haambiwi msiba kabla hajala. Nyanya yako akaniwekea kimanga, ule muhogo wake wa kupondwa na maharagwe. Nilikuwa na njaa, nikala, nikaongezewa. Nikauliza baba yuko wapi, wakasema yuko shambani. Na kweli alikuwa shambani, siku ya tisa tangu azikwe. Walingoja nimalize na maji ya kunawa yaletwe ndipo mjomba mkubwa akakohoa.

Sikuwahi kuwalaumu kwa sauti, walifanya kwa upendo. Lakini hadi leo kimanga sili, na mama yako hudhani ni tumbo. Niliapa kwamba mtoto wangu hatafanyiwa hivyo. Na Alhamisi, na karatasi mfukoni, nilijikuta nafanya hivyo hivyo, tena kwa ufundi kuliko wale wazee, maana wao angalau hawakununua mkate. Nilijiambia namlinda. Nilijiambia nafasi ya Lodwar ni ya maisha. Yote ni kweli, na yote ndiyo waliyoyasema wao walipokuwa wamekaa.

Kuna tofauti moja kati yangu na baba yangu, nayo ni wewe. Mimi nilikuwa kijana wa kufichwa. Ningeambiwa ningevunjika, pengine ningefeli kweli. Wewe si wa kufichwa. Wewe ulimwambia baba yako, mbele ya sinki lake mwenyewe, kwamba damu aliyoitegemea ujana wake wote imekosea njia. Mtu kama huyo ukimdanganya unamtukana. Nilipolifahamu hilo, niliona haya.

Mwanzo nilifikiri nikimaliza barua hii nitaichomeka kwenye begi, uikute ukifika. Halafu nikaona huo nao ni ule ule ujanja, wa kukuacha ufike kwanza. Kwa hiyo nitakupa mkononi jioni hii mkirudi, kabla mama yako hajapakua. Yeye nitamwambia kwanza mlangoni, kwa sauti, na akitaka kunipiga na mwiko nitasimama.

Naogopa, mwanangu. Sitaki uende ukidhani baba yako ni jasiri. Naogopa kuanguka sokoni watu wakinitazama. Naogopa simu kukuita ukiwa mbali hivyo. Inawezekana nikaishi hadi nikawakera wajukuu, daktari alisema wengi huishi, na inawezekana pia isiwe hivyo. Ukibaki hapa mwezi, hutaubadilisha mstari ule hata nukta moja. Ungenipikia, ungenihesabia vidonge, ungenitazama nikilala kuona kama napumua, na mimi ningekuwa nakutazama ukichakaa. Kule kuna hospitali nzima ya watu wanaopewa karatasi na kuamini kilichoandikwa juu yake, kama Mama Mutua alivyoamini. Anayesimama kati yao na karatasi mbovu ni fundi anayekubali kumuudhi mkubwa. Sijui kama wanaye. Najua mimi ninaye, na kumtoa kunauma, lakini nimejaa fahari mpaka nashindwa kukaa kwenye kiti.

Sikuamulii. Umeshanizidi umri katika mambo haya. Ila nimekwambia yote sasa, hakuna kilichobaki mfukoni, na ukiamua utakuwa unaamua ukijua kila ninachokijua mimi.

Nasikia mlango wa gari, na mama yako anacheka kitu. Unaniita, "Baba uko wapi, njoo utusaidie mizigo!" Nakuja. Ukimaliza kusoma, kaa hapa mezani uniulize lolote, nitakujibu. Halafu nakuomba, kwa moyo huu huu nilioambiwa niutunze, kesho upande treni.

Baba yako